Sigara ya Chaji ya Marehemu Hezekia

Tulimzika Hezekia saa nane mchana. Saa tisa kasorobo akatoka chumbani kwake anavuta.

Nilikuwepo wakuu, sikusimuliwa. Nimekaa benchi la tatu chini ya turubai, sahani ya wali mapajani, namwona kwa macho yangu haya.

Koti lake la kijivu. Kofia yake ya sufu imeshushwa mpaka kwenye nyusi. Mwendo wake ule ule wa kuburuza mguu wa kushoto. Mdomoni ile sigara yake ya chaji, moshi mweupe unafuka kama fuso la kabichi linapanda Magamba.

Msiba mzima ukaangua kicheko.

Alikuwa Rukia. Mzigua aliyeolewa hapa kwetu Mlola, muuza mapeasi, mwanamke mwenye sauti ya kusikika mpaka ng'ambo ya bonde.

Kwa msiojua, Wasambaa na Wazigua ni watani. Akifa wetu, wao wanakuja kuharibu huzuni. Mtani anavaa nguo za marehemu, anaiga sauti yake, anadai urithi, na hakuna ruhusa ya kumkasirikia. Alichokishika ni chake.

"Mmenifukia bila sigara yangu!" akafoka kwa sauti ya Hezekia, nzito, yenye kukoroma. "Evelina! Mtoto gani wewe? Unataka nikaombe moto kwa malaika?"

Evelina ndiye binti wa marehemu, kaja kutoka Dar. Macho yamemvimba kwa siku tatu za kulia, lakini akajikuta anacheka na kamasi.

Rukia akavuta tena. Safari hii ndefu.

Nikamwona anahamisha ile sigara mkono wa kushoto. Akairudisha kulia, anapuliza vidole. Watu wakadhani ni sehemu ya mchezo.

Mimi nilijua. Kitu kimeanza kuchemka.

Nilikuwa na nafasi ya neno moja tu. "Tupa!"

Lakini ningesema "tupa", watu wangeuliza nimejuaje.

Nikajikausha.

Mlio wenyewe haukuwa mkubwa. Ni kama mtu kavunja ubao mkavu gotini. Ukafuata mfoko kama wa gesi, moto mweupe usoni kwa Rukia, na kofia ya sufu ikaanza kuungua.

Watu waliendelea kucheka. Hilo silisahau. Walicheka kama pumzi mbili zaidi, wakijua Mzigua kazidisha vituko.

Halafu akaondoa mikono usoni.

Sasa niseme mimi ni nani, maana kesi hii ni yangu.

Naitwa Amiri. Shule nimeisoma vipande vipande: miaka mitatu Soni, mwaka mmoja Korogwe kwenye shamba la mkonge, iliyobaki nimeokoteza kwenye elimu ya watu wazima. Nimechuma chai Amani, nimepakia magunia bandarini Tanga, nimekaa Morogoro kwa fundi redio aliyenifundisha kushika mita. Sijawahi kukaa mahali zaidi ya miaka mitatu, mpaka nilipofika Mlola magoti yakagoma kwenda mbele.

Nikaweka meza sokoni. Nikawa mpima betri.

Msicheke. Huku tochi za kichwani, redio, taa za sola, vyote vinakula zile betri nene za kuchaji, unene wa kidole gumba. Na nyingi si mpya. Zinatolewa kwenye kompyuta zilizokufa na kwenye sigara za chaji walizotupa watu wa mjini. Zinapanda mlima kwenye kiroba, na ndani ya kiroba kimoja kuna wazima, wagonjwa na maiti.

Kuwatenganisha ndiyo kazi yangu.

Naanza na ngozi. Betri imevaa nailoni nyembamba, hiyo ndiyo ngozi yake. Ikichanika hata kwa ukubwa wa kucha, chuma kinaweza kugusa chuma, na hapo umeshika jiko. Naangalia kichwani, kuna kikaratasi cha duara. Kikiwa na kutu au unyevu, hapana. Nainusa. Iliyovuja inanukia vitamu, kama dawa ya kufutia rangi ya kucha. Naichaji, na kila baada ya muda naiweka shavuni kama mama anayempima mtoto homa. Inayopata joto kabla haijashiba, hiyo ni kikongwe.

Mwisho naiacha mezani siku tatu imeshiba, haina kazi, halafu napima. Nzima inabaki na chakula chake. Inayoshuka yenyewe inajila.

Kila mteja nilimwimbia wimbo mmoja: ngozi ikichanika, ogopa.

Rukia alikuwa ananiiga katikati ya soko. "Ngozi ikichanika, ogopa! Na wewe kibuyu mbona umechanika kila mahali? Tukakutupe wapi?"

Miaka kumi na moja hajawahi kuniamkia shikamoo. Mimi Msambaa, yeye Mzigua, shikamoo ya nini? Ananiita kibuyu, ananiita mjane wa redio. Kwa mtu kama mimi, asiye na mke wala ndugu wa karibu, yale matusi yalikuwa ndiyo salamu ya nyumbani.

Turudi kwa Hezekia.

Alikuwa dereva wa fuso, mapafu kayamaliza kwa sigara za miaka arobaini. Hospitali walimwambia aache. Evelina akamtafutia huko Dar sigara ya chaji, kitu cheusi kama kisanduku, kimeshatumiwa na mtu mwingine.

Mwezi wa tatu akanijia mezani, anahema kwa kupanda hatua kumi.

"Mgosi," akaniita, yaani bwana kwa Kisambaa chetu, "hii kitu haikai na chaji. Hebu nipimie."

Nikaitoa betri. Ngozi imechanika ubavuni. Maandishi yamefutika, hakuna mwaka wala jina, ila mikwaruzo ya kichwani inasema imeingia na kutoka mara mamia. Shavuni ikanichoma. Siku ya tatu imeshuka vibaya. Na kwa mbali, ukiinusa vizuri, ilinukia vitamu.

"Hezekia, hii ni maiti," nikamwambia aliporudi. "Niachie niifukie."

"Nyingine unayo?"

"Yenye nguvu ya kuendesha hiyo sigara yako sina. Mpaka niagize Tanga. Wiki mbili, tatu."

Akacheka. Kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikaleta damu kwenye leso. Akaikunja haraka nisione.

"Wiki tatu nitakuwa nimerudi kwenye sigara ya moto, mgosi. Na nimemwapia Evelina kwa Biblia." Akavuta hewa. "Daktari kanipa mpaka mahindi yakomae. Wewe hiyo betri unaipa mpaka lini?"

Nikaipima mkononi. Nikampima na yeye. Uso wa majivu, mabega yamepanda masikioni kutafuta pumzi.

"Ukivuta kidogo kidogo, na usiilaze kwenye chaji, miezi minne."

"Basi itanizika."

Hapo ndipo nilipokosea, wakuu. Nililinganisha umri wa betri na umri wa mtu, nikaona mtu ndiye atatangulia. Na nilipima sawasawa, alitangulia. Nilichosahau, mimi Msambaa wa kuzaliwa, ni kwamba vitu vya marehemu kwetu vina mrithi anayekuja anacheka.

Nikaivua ile ngozi iliyochanika. Nikaivika mpya, ya kijani, nikaipitisha juu ya mshumaa mpaka ikanywea na kubana. Ikang'aa kama imetoka kiwandani leo.

"Ukishindwa kuitumia, irudi kwangu," nikamwambia. "Isishikwe na mtu mwingine."

"Nimekusikia, mgosi."

Alikufa Jumatano, mahindi bado mabichi.

Nilipokwenda kutoa pole wakaniingiza chumbani kwake. Kitanda kimetandikwa. Kando yake, kwenye waya wa sola, ile sigara inawaka kitaa cha buluu. Iko kwenye chaji tangu anakata roho, hakuna aliyethubutu kuigusa.

Na mimi sikuigusa. Mzee mzima nianze kuchomoa vitu vya marehemu, ndugu zake wananitazama? Nikasema nitaiomba wakishaanua tanga.

Siku tatu jua kali, betri mgonjwa inalishwa tu. Jumamosi tukazika.

Mengine mmeshayasikia.

Rukia alirudi kutoka hospitali baada ya miezi miwili. Jicho la kulia halipo. Meno manne ya mbele hayapo. Ulimi umeshonwa, mdomo wa juu umevutwa pembeni. Ile sauti iliyokuwa inavuka bonde sasa haivuki meza. Sokoni anagonga sufuria kwa kijiko ili watu wajue mapeasi yapo.

Kijiji kilikuwa kimeshapata jibu. Hezekia kakasirika. Mzigua kavuka mpaka, kamchezea maiti mbichi, maiti kamjibu.

Misiba mitatu iliyofuata hakuna mtani aliyethubutu kuvaa hata kofia. Watu walilia tu, moja kwa moja, mpaka kaburini na kurudi.

Walioniuliza niliwaitikia. "Ndiyo, marehemu alikuwa na hasira." Nilisema hivyo kwa mdomo huu, mimi niliyeijua ile betri kuliko mtu yeyote.

Mwishoni nikafunga begi, kama kawaida yangu. Nilitaka nirudi Amani. Lakini miguu ikanipitisha kwake kwanza.

Nilimkuta uani anapepeta maharage.

"Rukia, haikuwa hasira ya marehemu," nikasema kabla sijakaa. "Betri ilikuwa mbovu. Nilijua."

Akavuta khanga akafunika mdomo. Maneno yake sasa yanatoka polepole, yamevunjika. Nayaandika yakiwa mazima.

"Hezekia aliniambia."

"Alikuambia nini?"

"Wiki moja kabla hajafa. Alisema, 'Mzigua, nikiondoka chukua koti, chukua kofia, hii sigara usiguse. Mzee Amiri kasema ni mbovu, itakulipua.' Nikamwambia mchoyo mkubwa wewe, unaninyima urithi. Akasema, 'Safari hii sitanii.' Nikamwambia hata mimi sitanii, nitaivuta siku hiyo hiyo ya kukuzika. Tukacheka mpaka akakohoa."

Mungu anisamehe, nilisikia nafuu. Nilihisi mzigo unashuka mgongoni. Kumbe alionywa! Kumbe na yeye ana sehemu yake.

Nikapata hata ujasiri wa kumuuliza.

"Sasa kwa nini uliishika?"

Akanitazama kwa lile jicho moja.

"Niliogopa. Siku ile, kule chumbani, kabla sijatoka nayo, niliogopa kweli. Nikakumbuka wimbo wako. Nikaifungua, nikatoa betri, nikaizungusha kwenye mwanga wa dirisha." Akazungusha kidole hewani, polepole. "Ngozi yake nzima. Mpya kabisa, ya kijani. Nikasema mshenzi Hezekia, kumbe alikuwa ananitania."

Akarudi kwenye maharage yake.

Ningeweza kuondoka hapo. Begi liko mgongoni. Asingejua mpaka leo.

"Hiyo ngozi niliivika mimi," nikasema. "Juu ya iliyooza."

Ungo ukasimama.

Nikangoja. Aniite kibuyu, aniite mchawi, anirushie ungo na maharage yake. Kwa utani au bila utani, nilikuwa tayari kuyapokea yote. Nilikuwa nayataka.

Akaweka ungo chini. Akainamisha kichwa kidogo, kama wanavyofanya watu wenye adabu.

"Shikamoo, Mzee Amiri," akasema.

Sikuhama. Begi nimelifungua, ile nailoni ya ngozi yote nimeitumbukiza chooni. Kijijini nimesema ukweli, mezani kwangu siku hizi wanakuja wachache.

Kila asubuhi Rukia anapita na kapu lake la mapeasi. Anasimama mbele yangu, ananiamkia vizuri, anangoja niitikie, anakwenda zake. Hajanitukana tena hata mara moja.

"Marahaba," naitikia. Inanitoka kwa shida.

Ninyi mnaonunua hizi betri, zipimeni kama nilivyoeleza. Mkikuta ngozi inang'aa juu ya kichwa chenye mikwaruzo mingi, jueni kuna mtu kama mimi nyuma yake. Na ninyi mafundi wenzangu, kitu ukishajua ni kibovu, kiache kionekane kibovu, hata kama mwenye nacho anakulilia.

Onyo la mdomo nililitoa. Likatembea, likamfikia hata yeye aliyekuja kuungua. Mkono wangu ulikuwa umeshalifuta.