Verlene Alivyosoma Gazeti Kanisani

Verlene Odom amewapikia watoto wa shule ya mji wetu hapa Indiana miaka thelathini na mmoja, na hakuna aliyetoka mezani kwake na njaa. Mwenyewe aliishia darasa la sita, akatolewa kwenda kufua nguo za watu. Kusoma, anasoma kwa kidole. Lakini matangazo ya kanisa anasoma yeye, kila Jumapili baada ya sadaka, mwaka wa kumi na tisa huu, na wenye digrii zao wanatulia wamsikilize.

Mjukuu wake wa kike, Nyree, kamlea peke yake. Ana miaka kumi na saba, mrefu kama mlango, na mpira wa kikapu unamtii. Ng'ambo ya mto kuna binti wa kizungu, Hadley Brandt, naye anaujua mpira, tusidanganyane. Wakikutana hao wawili, hata kinyozi anafunga duka.

Tatizo ni gazeti. Hadley akipiga kelele uwanjani, ana moyo wa ushindi. Nyree akipiga kelele, ana hasira. Hadley akifunga, ni akili. Nyree akifunga, ni nguvu za kuzaliwa, utadhani hajawahi kuamka alfajiri na baridi yote ile akafanya mazoezi mpaka vidole vikapasuka. Mwandishi ni yule yule misimu mitatu. Mama yake sijui alimfunza nini.

Jumamosi ile mchezoni waligongana, Hadley akaanguka, Nyree akampa mkono akamwinua. Jumapili asubuhi picha ikatoka: Hadley chini, Nyree kasimama juu yake, na ule mkono wa kumwinua wameukata. Juu ya picha herufi kubwa: MBABE.

Nyree hakugusa uji wake. Akaitia jezi kwenye mfuko, akasema Jumatatu anairudisha kwa kocha, na fainali ya Jumanne wacheze wengine.

"Nimechoka, Bibi," akasema. "Hata mimi nimeanza kujiogopa."

Verlene alimkalisha chini katikati ya magoti yake, akamtia mafuta kichwani, akamsuka taratibu kama alipokuwa mdogo. Halafu akalitia gazeti kwenye mkoba, wakaenda kanisani.

Alisoma matangazo yote, mnada wa samaki wa kukaanga na mazishi ya Mama Gaines. Mchungaji akadhani kamaliza, akainuka. Verlene akamwashiria akae, akatoa gazeti, akaweka kidole. Akasoma habari ya mchezo neno kwa neno, ila palipoandikwa Hadley akasema Nyree, na palipoandikwa Nyree akasema Hadley.

Nyree Odom, mwenye akili pevu, aliibeba timu yake kwa utulivu. Hadley Brandt, mwili mkubwa na hasira zisizozuilika, alitisha kila aliyemkaribia. Akaendelea hivyo hivyo, mpaka akina mama wakaacha kujipepea.

Mzee Purnell wa benchi la mbele akauliza, "Dada Verlene, ndivyo walivyoandika kweli?"

"Ndivyo. Majina tu ndiyo yamebadilishana nyumba."

Watu wakacheka, halafu kicheko kikawakauka. Mama mmoja akanong'ona kwamba mtoto wa watu hasemwi hivyo, hata awe wa nani.

Nyree akasimama huko nyuma, macho yamejaa. "Bibi, acha. Hadley hayuko hivyo. Jana aliniambia asante."

Verlene akashusha gazeti. "Na wewe uko hivyo?"

Hakuna kanisani aliyegeuka kumtazama, na hiyo ndiyo heshima waliyompa.

"Hapana," akasema.

"Sema Mzee Purnell asikie, masikio yake unayajua."

"Siko hivyo, Bibi."

"Haya. Matangazo yamekwisha."

Mchana Nyree alikula kuku sahani mbili, akaegemea bega la bibi yake kwenye kochi. Verlene akawa anamwambia kwamba yeye hatamsamehe mwandishi yule, si leo si siku ya kiyama, na watu wasije kumsumbua na habari za kusamehe. Nyree akamwacha amalize.

"Jumanne uje uwanjani mapema," akamwambia. "Viti vya mbele vinajaa, nami nataka nikuone."