Bingwa wa Nyufa za Mirihi, Mzaliwa wa Vitongoji

Nilikuwa Gombani, nje ya uwanja, nikimweleza rafiki yangu makosa ya kocha kana kwamba niliwahi kucheza mpira, simu ilipoita kutoka Vitongoji. Yule dada mwanajiolojia amefariki. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Alikuwa amerudi kwa mama yake baada ya miaka mingi ughaibuni, na maradhi yaliyomrudisha hayakumpa nafasi ndefu. Kazi yake ilikuwa kuchunguza picha za sayari ya Mirihi, hasa nyufa zinazozunguka mabonde makubwa yaliyochimbwa na mawe yaliyoanguka kutoka angani.

Mwaka jana alitaka, kabla hajazidiwa, awaeleze wanakijiji, mama yake kwanza, alichokuwa akikifanya huko. Elimu yake aliipata kwa Kiingereza, na maneno ya Kiswahili yakimpiga chenga. Akamtafuta fundi wa lugha, yaani mimi, nami sikukanusha. Nilimwandikia hotuba iliyojaa "mipasuko ya kitektoniki" na "mfinyano wa gamba la sayari", nikawa naisoma kwa sauti chumbani, najifurahia mwenyewe. Siku ilipofika, ndani ya darasa la skuli, alisoma sentensi chache tu, mama yake akanyanyua mkono.

"Mwanangu, wasema nini weye? Nambia kwa maneno ya hapa nyumbani."

Mwanawe akaniangalia. Nikaangalia dari. Ndipo alipoagiza godoro la sponji, akalivisha shuka kuukuu na kuishona pembeni, kisha akauliza nani mzito. Watu wote walinigeukia bila kushauriana. Nikakaa katikati, nikazama.

"Jiwe lilipiga, likaacha shimo," akasema. "Uji wa mawe ya moto ukapanda, ukalijaza, ukaganda. Uzito wake ukaididimiza ardhi, kama shehe huyu. Tazameni, karibu naye shuka imejikunja, pembeni yavutika."

Hapo mshono ukaachia kwa sauti ambayo wengi waliidhania vingine. Darasa zima likaangua kicheko.

"Huo ndio ufa, mama. Ndio niliokuwa nikiutazama."

Mama yake hakucheka. "Na jiwe lenyewe?"

"Halipo. Lilisagika siku ile ile."

"Likaondoka, na ardhi ikaendelea kupasuka?"

"Muda mrefu sana, mama."

Mama akamshika mwanawe mkono. "Leo nimejua ulikuwa wapi."

Kwenye hitima, mgeni kutoka Unguja alimuuliza mama wa marehemu mwanawe alikuwa akifanya kazi gani. Nikasafisha koo, tayari kumwokoa. Hakuhitaji kuokolewa. Alieleza mwanzo mpaka mwisho, taratibu, wala sauti haikumtetereka ila alipotaja jina la mwanawe. Nikanywa kahawa yangu. Miaka yote nimelalamika katika ukurasa huu wa gazeti kwamba Kiswahili kimepungukiwa na maneno ya sayansi, nikidai kamati na makongamano. Marehemu alikuwa na muda mchache, akautumia ili aeleweke. Mimi nina afya na safu nzima, na mara nyingi nimeitumia ili nionekane.