Karatasi ya Ukutani kwa Mama Mkunga

Mafundi wenzake humwita Taratibu, na hawamwiti hivyo kwa kumsifu. Wao huingia nyumba ya mtu asubuhi, na jioni hutoka vyumba viwili vikiwa vimeshapakwa. Yeye siku ya kwanza hafungui hata kopo la rangi. Huzunguka chumba akigonga ukuta kwa kifundo cha kidole na kusikiliza, hulowesha sehemu ndogo nyuma ya mlango, kisha hukaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akingoja. Mwenye nyumba akianza kufoka, humjibu kwa upole, "Ukuta hauna haraka, bosi wangu. Haraka ni yako."

Kwa kazi hiyo ameishi miaka thelathini na moja na kusomesha mabinti wawili. Magoti yake sasa hulia kila anaposhuka ngazi. Alikojifunza subira hiyo hakumwambia mtu, na aliyemficha kuliko wote ni mwenye ukuta uliomfunza.

Mwenye ukuta ni mkunga mstaafu, mama aliyepita themanini, anayeishi na bintiye mwalimu katika nyumba ya vyumba vitatu nyuma ya posta. Zamani hizo Taratibu alikuwa kijana wa kusukuma machela hospitalini, kwa mkataba uliobakiza siku tisa. Mkunga alimkuta kwenye korido akamwuliza kama anajua kubandika karatasi za ukutani. Akasema anajua. Hakuwa amewahi kuzigusa maishani mwake.

Alibandika chumbani kwa mkunga kwa siku mbili, jasho likimchuruzika hadi kwenye gundi: karatasi ya majani ya kijani na maua madogo ya manjano. Chumba kikapendeza hata manesi wakaja kukitazama. Mkunga akamsifu kwa kila aliyekutana naye. Kazi ya pili ikatoka kwa daktari, ya tatu kwa dada yake daktari, na machela akaziaga.

Mwaka mmoja baadaye, akiwa chini ya fundi mzee aliyemchukua kumfunza, ndipo alipojua alichofanya. Lipu tupu hupakwa kwanza rangi ya kuziba, ikaachwa ikauka, ndipo karatasi ibandikwe. Yeye alikuwa amepaka gundi moja kwa moja kwenye lipu. Gundi ikazama, karatasi na ukuta vikawa kitu kimoja. Siku karatasi hiyo ingebanduliwa, ingeondoka na ukuta wake.

Tangu hapo hakukimbiza kazi tena. Na tangu hapo, kila alipompelekea mkunga salamu za sikukuu na kumwambia ahsante, neno lilimkwama kidogo kooni. Alikuwa akimshukuru mtu kwa imani aliyoipata kwa uongo.

Mwezi uliopita binti alimpigia simu. "Fundi, mama anataka chumba chake kiwe cheupe. Ile karatasi imekuwa kama chai iliyosahaulika mezani. Njoo utuambie, tupake juu yake au tuibandue?"

Alikwenda. Mkunga alikuwa kitandani, miguu imefunikwa shuka, macho yake bado makali.

"Fundi wangu, umezeeka!"

"Shikamoo, mama. Nimezeeka kwa kukufuata wewe."

"Marahaba. Mimi sijazeeka, nimechoka tu. Haya, sema. Mwanangu huyu anataka upake juu, tumalize keshokutwa."

"Vumbi, mama," binti akasema. "Kifua chako hakitaki vumbi."

Taratibu aligonga ukuta. Alijua anachogonga. Kupaka juu kuliwezekana: angeziba karatasi kwa rangi ya mafuta, afiche maungio kwa msasa, kisha apake nyeupe. Ingependeza mwaka mmoja, labda miwili, kabla ya kuanza kuvimba na kuchanika. Na kwa umri wa mama, miaka miwili...

Wazo hilo lilimjia lenyewe, kama mgeni asiyebisha hodi, na alipoona sura yake aliona haya mpaka masikio yakamwaka. Alikuwa akipiga hesabu ya kifo cha mtu aliyempa maisha.

Akasogeza kabati, akalowesha kona kwa maji ya uvuguvugu, akangoja. Alipotia kisu cha kukwangulia, karatasi ilitoka na bonge la lipu lenye ukubwa wa kiganja. Akalichukua, akaliweka juu ya shuka mbele ya mkunga, maua ya manjano yakiwa juu.

"Hii ni kazi yangu, mama. Siku ile uliponiuliza, sikuwa najua. Nilikudanganya."

Binti aliacha kukunja nguo. Mkunga aliligeuza lile bonge, akalitazama upande wa maua na upande wa mchanga.

"Ukanitazama machoni ukanidanganya?"

"Nilitazama viatu vyako, mama."

Binti akaangua kicheko, akajiziba mdomo. Mama yake hakucheka. Alikwangua ule mchanga kwa ukucha, punje kwa punje, ukamwagikia shuka.

"Mwanamke wa kwanza niliyemzalisha peke yangu," mkunga akasema mwishowe, "aliniuliza nimezalisha wangapi. Nikamwambia mia. Alikuwa wa kwanza."

"Akajifungua salama?"

"Salama salimini. Mtoto angetoka kama ukuta wako huu, ningefungwa." Sasa alikuwa akicheka, kifua kikimkoroma. "Lakini mimi nilimwendea baada ya mwaka nikamwambia. Wewe thelathini na moja! Jina lako wamelipatia kweli."

Kisha akafuta macho na kuwa mkunga tena, mtu wa kutoa amri. "Bandua. Yote. Mimi nitahamia chumbani kwa mwanangu huyu, avumilie kukoroma kwangu."

Ilichukua siku kumi na moja. Taratibu alitundika shuka zilizoloweshwa mlangoni kuzuia vumbi, akabandua hadi matofali, akapiga lipu mpya, akaiacha ikauka, akapaka rangi ya kuziba, akaiacha tena. Kila alasiri mkunga alijikokota na mkongojo wake, akasimama upande wa pili wa shuka kusikiliza msasa ukipita.

"Mama," Taratibu alisema siku moja bila kuacha kazi, "ahsante." Neno lilitoka lote, halikukwama popote.

"Nimesikia. Shukuru huku mikono ikienda. Vumbi lako limefika kwenye sukari."