Siku Mama Alipofungulia Ndiva

Jamani, naona haya hata kuwasimulia, maana aliyeaibika ni mama yangu mzazi na aliyemwaibisha ni mimi.

Kazi yangu ni kutengeneza programu za kompyuta hapa Same mjini, na kijijini kwetu Mhezi, huko milimani, nikajitolea (kiherehere changu) kuwatengenezea wakulima programu ya kuwatumia meseji za zamu ya maji. Tuna ndiva tatu, yale mabwawa yanayojaa usiku tukayafungulia asubuhi, kila moja na ratiba yake. Badala ya kuandika kiolezo kimoja na kubakiza jina la ndiva na siku zake tu za kujazia, niliandika programu ya ndiva ya kwanza, nikakopi, nikapesti mara mbili, nikabadilisha majina, nikaenda zangu kunywa chai.

Kiangazi kikakaza. Kamati ya maji ikatangaza kanisani kwamba zamu zote zisogezwe mbele siku moja ili mabwawa yajae, na Jumapili hiyo mama alikuwa kwangu mjini, hakusikia. Alipokwisha kurudi kijijini, kamati ikanitumia ratiba mpya. Nikarekebisha ya kwanza, nikarekebisha ya pili, simu ikaita, nikaongea weee, ya tatu nikaisahau. Ya tatu ndiyo ya kwetu.

Meseji ikamfikia mama: kesho zamu yako. Akadamka na jembe, akafungulia siku ambayo hakuna aliyeruhusiwa kugusa maji. Watu wakamkuta katikati ya tangawizi yake, maji yanatiririka. "Mama Elia, hata wewe?"

Kwetu anayeiba maji husimama mbele ya watu na kuomba radhi, na zamu inayofuata anaikosa. Nilipanda mlima mbio nikajieleze. Mwenyekiti wa kamati akanisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo kitu kimoja umekiandika mara tatu?"

"Ndiyo, mzee."

Watu wakacheka. Mama hakucheka, na adhabu haikufutwa, kwa sababu maji yalikuwa yameshakwenda.

Nyumbani alikaa kwenye cherehani yake, akanionyesha karatasi moja kuukuu. "Sketi zote za shule nakatia hii. Nabadilisha kiuno tu." Zamu iliyofuata ikapita bila yeye kupata maji, tangawizi ikakauka yote, nikaiona kwa macho yangu.

Sasa nina kiolezo kimoja kwa ndiva zote, na kukopi nimeapa sirudii. Lakini mama akipata meseji yangu hachukui jembe. Anavaa kanga, anakwenda nyumba ya pili kwa mama Neema kuuliza kama mimi mwanawe nimesema kweli.