Baba wa mtoto anataka kumwandika kwenye bima yake, na kondoo aliyemleta ameshazaa zizini kwetu

Admin, nifichie jina langu tafadhali, maana huku Hanang tunajuana hadi mbuzi. Wapendwa, mimi ni mama wa miaka ishirini na tisa, naishi kwa wazazi wangu Nangwa, nalima mahindi, maharage na alizeti. Nina binti mmoja wa miaka sita, hapa nitamwita Neema. Ana pumu. Baridi ya mlima ikishuka, kifua chake kinapiga filimbi.

Baba yake ni mwalimu, mtu wa mkoa mwingine aliyepangiwa kazi huku. Tulipendana, nikashika mimba, na mimba ilipoanza kuonekana akapata uhamisho wa kwenda Mbulu. Nyie watumishi mnajua uhamisho unavyosumbua, lakini wa kwake ulitoka upesi kama maandazi. Huko Mbulu akaoa. Neema akabatizwa kwa jina la baba yangu, na kwenye cheti chake cha kuzaliwa jina la baba halipo. Miaka yote hiyo Mwalimu hakuuliza hata kama mtoto ameanza kutembea.

Mwaka huu ghafla kapata uchungu wa mwana. Simu kila Jumapili, "kifua cha mwanangu kinaendeleaje?" Baada ya mavuno akaja nyumbani na mke wake. Yule dada ana adabu, siwezi kumsingizia. Aliwaamkia wazazi wangu shikamoo akiwa amepiga goti, akamvalisha Neema sweta zito la kijani. Nilipolikagua baadaye nikakuta nembo ya shule ya msingi kifuani, shule ya hukohuko Mbulu. Nilimpigia kumuuliza, akacheka: "Jamani dada, nililiona mnadani tu, nikalipenda rangi." Hawa hawana mtoto, na huu ni mwaka wa tano wa ndoa yao.

Siku ile Mwalimu alisema hivi mbele ya wazazi: "Mama Neema, mimi nakatwa bima ya afya kila mwezi na nafasi ya mtegemezi ninayo. Ila wanataka cheti chenye jina langu. Twende wilayani ukasaini kwamba mimi ndiye baba, mtoto atibiwe." Nikamuuliza, kwa nini sasa? Akajibu, "Mtu anakua." Mke wake akaangalia chini. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mimi niliumwa na huyuhuyu.

Wakati wa kuondoka akashusha kondoo jike kwenye gari walilokodi. "Baba, huyu ni wa kuwashukuru kwa kunilelea mtoto." Baba yangu kwa mifugo hajiwezi, akapokea kamba huku anatabasamu. Sasa kwenye ukoo wetu, mtoto aliyezaliwa nyumbani, mama yake hajaolewa, ni wa babu yake. Baba mzazi akimtaka, anaanza kwa kuleta kondoo jike, na mzee akishapokea kamba amekubali kuzungumza habari za mtoto kuondoka. Baba mdogo alipokuja akachungulia zizini, akasema, "Kaka, mjukuu umeshamtoa."

Baba akajitetea kwamba Mwalimu ni mgeni, mila zetu hazijui, kaleta shukrani tu. Mgeni! Kafundisha hapa miaka minne, misiba yetu kakaa, harusi zetu kala. Aache kuleta mchele na sukari kama wageni wengine, aje na kondoo, tena jike? Nikasema arudishwe. Wazee wakajivuta, kikao cha ukoo cha kuamua kikaahirishwa, na kondoo akazaa. Sasa baba ananiuliza, "Nimrudishe mama nibaki na mwana, au niwarudishe wote?" Nikaenda jikoni nikalia.

Wiki iliyopita Neema alibanwa vibaya mno. Nilimkimbiza hospitali Katesh kwa bodaboda, nimemfunga mgongoni kama mtoto mchanga, midomo imekuwa ya bluu. Dirishani wakauliza, "Una bima?" Nikasema sina, nikaanza kupiga simu kuomba msaada kwa shangazi yangu. Mungu ni mwema, alihudumiwa akapata nafuu. Nikiwa bado kwenye benchi Mwalimu akapiga: "Unaona sasa? Ungekuwa umesaini usingehangaika hapo." Nani kamwambia niko hospitali?

Nilipombana mama yangu nyumbani akakiri. Huwa anaongea na mke wa Mwalimu, na Neema naye anapewa simu, mimi nikiwa shambani. Mama anasema, "Wewe na kiburi chako utamzika huyu mtoto. Akipona hukohuko kwao, ubaya uko wapi?" Neno "hukohuko" lilinichoma. Kumbe kwa mama safari imeshaiva, imebaki saini yangu.

Ndugu zangu, nikisaini, mwanangu atatibiwa, lakini karatasi, kondoo na mama yangu vyote vitakuwa upande wa Mwalimu. Siku akisema namchukua, nitasimama na nani? Nisiposaini na kifua kikabana tena usiku, nitajisamehe vipi? Labda jamaa kabadilika kweli na mimi ndiye mwenye roho mbaya. Sijui, kila mtu namwona ana lake moyoni.

Mwalimu anakuja Jumatatu kunichukua twende wilayani. Jana nilikuwa namsuka Neema, nikamuuliza taratibu kama anampenda baba yake. Akaniuliza, "Nikisema ndiyo, utalia?"

Naombeni ushauri wenu, hasa akina mama mliopitia haya. Nisaini, au niache?