Makala ya Kuwekea Mayai Alama

Mwanangu, kuna Jumamosi moja inayonirudia kila ninaposhika yai lenye joto. Wewe ni mjukuu wangu, lakini nimekulea mimi, kwa hiyo mwanangu utabaki. Juzi uliniomba kuku wawili wa kuanzia, uwauzie mayai wanafunzi wenzako kule chuoni Kasapa. Nitakupa. Ila kaa kwanza unisikilize, kuku hawatakimbia.

Tuliishi hapahapa Kamalondo. Mama yangu alikuwa na kuku tisa tu uani, na mtaa mzima ulitaka mayai yake. Hakuwa na uganga wowote. Kuku akianza kulalia, Mama alichukua kipande cha makala, yaani kaa la jikoni, akachora msalaba juu ya kila yai lililokuwa chini yake. Yenye msalaba yaliachwa yatoe vifaranga, yasiyo na msalaba yaliuzwa. Hakuna mtu aliyewahi kupasua yai la Mama akakuta kitu cha kumkera.

Rafiki yake wa tangu usichana alikuwa Mama Rejina, mshonaji wa barabara ya pili, nyumba yake ikigusana mgongo na yetu. Wiki hiyo alikuja akiwa na furaha usoni.

"Niwekee mayai sita ya muzuri," alimwambia Mama. "Bakwe ya Rejina banatoka Likasi siku ya posho. Banakuya kuuliza mutoto."

Siku ya posho kwetu ni Jumamosi, na watu wa Likasi walikuwa wanakuja kumposa Rejina. Asubuhi hiyo Mama akayachagua mayai sita, akayaweka kwenye kikapu, akaenda kanisani kufagia na wenzake. Mimi nilikuwa na miaka kumi na sita na akili za kuazima. Wakaja wasichana watatu wa shuleni, na mmoja baba yake alikuwa mkubwa kidogo mgodini. Nikataka waone kwamba na sisi kwetu tunakula. Nikayakaanga mayai yote sita, na vitunguu juu. Walinisifu, nikasifika.

Walipoondoka nikaona kikapu kitupu, na mayai mengine ya kuuza hayakuwepo. Hapo ndipo nilipopaswa kwenda kwa Mama Rejina nimwambie nimeyala, akatafute kwingine, muda bado ulikuwepo. Badala yake nikapenyeza mkono chini ya kuku aliyelalia. Alinidonoa mpaka damu ikatoka. Nikatoa mayai sita, nikaisugua misalaba kwenye bakuli la maji hadi ikafutika. Nilijiambia kuku amelalia siku chache tu. Sikuhesabu, mwanangu, kwa sababu sikutaka kujua.

Mama Rejina alipofika aliyapokea kwa mikono miwili. "Asante, mwana," akasema. "Utuombee."

Baadaye nilisimuliwa: wageni waliketi, wakapewa mayai ya kuchemsha na chumvi wakati bukari, ndiyo ugali wetu, inasongwa. Mjomba mkubwa wa yule kijana ndiye aliyemenya la kwanza, kama heshima inavyotaka. Ndani alikuta kifaranga chenye manyoya. Akalirudisha kwenye sahani, akajifuta vidole, akasema kwa utaratibu kabisa, "Kwetu, muntu akikupatia yai ya hivi, anakuambia rudia kwenu." Waliondoka kabla ya bukari kuiva. Yule kijana hakurudi tena. Rejina alimpenda kweli, na hilo nalijua kwa sababu nilimsikia akilia kupitia ukutani, siku nyingi.

Jioni ileile Mama Rejina alileta sahani imefunikwa kitambaa, akaiweka mbele ya Mama bila salamu. Mama akafunua, akatazama. Kisha akanitazama mimi. Mimi nikawatazama kuku.

"Pardon, dada," Mama akasema. "Njo mi nilikosa. Macho yangu haiko inaona muzuri. Nilichanganya."

Niliamini kweli anadhani ni yeye aliyechanganya, au niliona inanifaa kuamini hivyo.

Kamalondo nyumba zimebanana, habari haina pa kujificha. Watu waliacha kubisha kwetu. Mama alibeba mayai yake mpaka masoko ya mbali, kwa watu wasiomjua, na alikuwa ameshaanza kuumwa miguu. Kuku wa kwanza alipolalia baada ya hapo, aliniita akanipa makala mkononi.

"Tangu lelo, we njo utaweka alama," akasema. "Macho yako iko nguvu."

Na kila kuku alipolalia ilikuwa hivyo. Alinyoosha ile makala, akaishikilia kidogo kabla ya kuiachia. Nilifikiri ni uchovu. Miaka ikapita, nikaolewa, nikazaa, na nilipokuja kumsalimu bado alinipa makala.

Alipougua ule ugonjwa wa mwisho nilikaa kando ya kitanda chake. Akaniuliza, "Hauna neno ya kuniambia?" Nikamjibu, "Hapana, Mama, lala." Alilala. Kesho yake hakuamka.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Kwenye kilio cha Mama, Mama Rejina alikuja na mkeka wake akaketi karibu yangu, na mimi nikashindwa. Nikamwambia yote, mayai, bakuli, misalaba. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kushtuka.

"Tulijuaka, mwana," akasema. "Tangu ile siku. Mama yako alionaka maji meusi mu bakuli. Alinikatazaka kusema. Alisemaka: mumuache, atakuya kuniambia yeye mwenyewe."

Kwa hiyo sasa najua kwa nini aliishikilia ile makala. Kila mara alikuwa ananingoja. Aliningoja miaka kumi na moja, akabeba jina baya la kosa langu mpaka kaburini, na mimi nilikuwa nachukua makala nakwenda zangu bandani. Wanasema majuto ni mjukuu. Mimi nimepata vyote viwili, na wewe ndiye nafuu yangu.

Basi sikia. Kuuza mayai si kazi ngumu. Weka alama, usiuze usichokula mwenyewe, na siku utakapokosa, maana utakosa, nenda kaseme siku hiyohiyo. Aibu ya kusema huisha kwa wiki moja. Hii yangu nimezeeka nayo. Na mtu mzima akikuuliza kama una neno, usimwambie alale.

Chukua kuku wako, na kipande hiki cha makala. Mungu ayabariki mayai yako, akupe wateja wasiokuogopa. Na kila utakapokosa, akupe ulimi mwepesi, na yule uliyemkosea umkute bado yuko hai, anakusikia.