Fremu Iliyopimwa kwa Picha

Wale wa rika langu, mliokulia kwenye nyumba zilizogawanywa na pazia, hebu sogeeni tuwaseme kidogo hawa vijana. Nina hasira, na hasira yenyewe imeanzia kwenye mlango wa chumba cha kulala.

Kwetu Katito, nikiwa mdogo, mlango wa ndani ulikuwa anasa. Nyumba ilikuwa na mlango mmoja wa nje, basi. Kati ya sebule na chumba cha wazazi paliningʼinia kitambaa cha maua kilichopauka, na ole wako ukikifunua kabla ya kukohoa. Aliyetaka mlango wa mbao ndani ya nyumba alikuwa mtu wa kutajwa: mwalimu mkuu, mwenye duka, pasta. Na aliyewawekea ni baba yangu. Alikuwa seremala, na kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa kuweka fremu, zile mbao tatu zinazolivalisha tundu la ukuta kabla mlango haujaningʼinizwa.

Mbao zenyewe hazikununuliwa asubuhi zikapigiliwa jioni. Baba alizileta mbichi, akazipanga chini ya vitanda vyetu watoto, vijiti vikiwa kati ya ubao na ubao ili hewa ipite, zikakaa hapo mpaka mvua ndefu ziishe na zile fupi pia. Tulilala juu ya milango ya watu. Mpaka leo nikinusa mvule nasikia usingizi. Asubuhi tukinywa uji wa mtama, mama akikaanga omena, dagaa wa ziwani, baba alikuwa tayari uani anapiga randa, na maranda yanadondoka yamejikunja vizuri. Tuliyavaa kichwani tukajifanya mabibi harusi, tukagombana nani ana nywele ndefu. Watoto wa leo wananunuliwa nywele za dukani wakiwa darasa la pili na bado wanalalamika hawana cha kucheza.

Ukimuuliza baba kwa nini anangoja mbao zikauke muda wote huo, alikujibu bila kuinua kichwa, "Wewe unataka mlango wa mtu ukwame mvua ikinyesha?" Hapo mazungumzo yameisha, na usiulize tena.

Lakini kilichotufanya tumcheke, na tulimcheka sana, ni ile desturi yake ya kupitisha. Alisimamisha fremu kwenye tundu, akaibana kwa kabari, akateremsha timazi, akafumba jicho moja, akapiga misumari miwili nusunusu. Halafu akaweka nyundo chini. "Mwiteni mama wa nyumba," anasema. Mama wa nyumba alitakiwa apite pale mlangoni akiwa amebeba anachobeba kila siku, karai la nguo, mtoto mgongoni, hata godoro likiwepo. Akipita bila kugusa, misumari iliyobaki inapigwa. Akigusa, fremu inangʼolewa.

Siku moja nilimpelekea chakula kazini, upande wa pili wa soko, nyumbani kwa mfanyabiashara mmoja aliyekuja kutoka Nyeri kuuza viazi. Mke wa yule bwana alikuwa amekwenda soko la Awasi. Baba akakaa kwenye stuli kumngoja. Saa nne, saa sita, saa nane, baba yuko tu, na nyundo iko tu. Mwenye nyumba akachoka. "Fundi, si upigilie umalize? Mke wangu ni mtu wa kawaida, si tembo." Baba akamjibu kwa upole, "Bwana, wewe unalala humu. Yeye ndiye atapita humu mara hamsini kwa siku."

Yule mama alirudi jua limeshuka, mtoto mgongoni, gunia ubavuni, na kabla hajapumzika anaambiwa apite mlangoni. Kiwiko kikagonga ubao. Akangʼoa fremu, akachonga ukuta vidole viwili, akaanza upya. Nilirudi nyumbani nimenuna, nikaapa kwamba mimi na mafundi ni mbalimbali maisha yangu yote.

Sasa tuje kwa huyu Deno.

Mama yangu aliumwa mwaka jana, miguu ikakataa kazi. Anatumia kiti cha magurudumu, na anakisukuma mwenyewe, maana mikono iliyolima mpunga miaka yote ile haijaisha nguvu. Shida ilikuwa kuoga. Bafu liko nje, nyuma ya nyumba, kwenye ngazi na matope. Kwa hiyo tulikuwa tunamwogesha sebuleni kwenye karai, mwanamke ambaye hatujawahi kumwona hata akibadilisha blauzi. Hakulia wala kulalamika, ila siku moja aliniambia, "Nyara," ndivyo anavyoniita binti yake, "mimi sitaki kingine. Nataka tu kuoga peke yangu, mlango ukiwa umefungwa."

Tukajichanga mimi na ndugu zangu, tukamwongezea chumba kinachoingiliwa kutoka sebuleni, bafu likiwa ndani yake, sakafu sawa bila kizingiti. Vigae vya samawati, bomba la maji moto, na vyuma vya kushikilia ukutani. Kilichobaki ni fremu ya mlango wa chumba na mlango wenyewe.

Mimi naishi Otonglo, na Katito si mbali, lakini nilikuwa na shughuli. Ndipo nikampata Deno, ambaye rafiki yangu aliniambia ni fundi wa kisasa. Kisasa kweli. Alikuja na pikipiki, suruali imembana mpaka nikajiuliza akiinama itakuwaje, na kibegi mgongoni kama anakwenda shule. Timazi hana. Futi hana, au labda alikuwa nayo akaona aibu kuitoa. Alipima tundu kwa simu. Akasimama, akaelekeza simu kwenye ukuta, simu ikalia, akaniambia, "Madam, inchi thelathini na mbili. Hii ni kazi ya masaa mawili."

Fremu alinunua imeshatengenezwa, imepakwa rangi ya kahawia ing'aayo kama viatu vya askari, na mbao bado mbichi, ukizibonyeza kwa ukucha zinaacha alama. Chini ya kitanda cha mtoto gani zililala mbao hizo? Hakuna. Akazijaza povu la kopo pembeni, lile linalovimba lenyewe, akajipiga picha akiwa amelishika, akaituma sijui wapi. Baba yangu hakuwahi kupigwa picha na fremu hata moja, na ziko mpaka leo hapo sokoni, milango yake inafunga kwa kidole.

Haya yote ya mwisho sikuyaona kwa macho. Mimi nilishaondoka zamani. Nilikuwa saluni mjini, kichwa kimefunikwa na mashine, ndipo picha ya fremu ikaingia kwenye simu yangu na swali, "Madam, nimalizie?" Ilikuwa inapendeza. Nikamjibu kwa kidole gumba. Halafu nikaendelea kusoma gazeti.

Jumamosi nikaja na dada yangu, na keki, na taulo jipya. Mama alikuwa amejiandaa tangu asubuhi, sabuni mapajani. Deno naye alikuwepo, kusifiwa. Mama akageuza kiti, akajisukuma kuelekea chumbani kwake. Vidole vyake vikagonga fremu upande huu na upande huu. Akarudi nyuma, akajaribu tena taratibu. Gurudumu likakwama, rangi ikachubuka, na ngozi ya vidole ikachubuka pia.

Dada yangu akatoa futi ya kushonea kwenye mkoba. Ukitoa unene wa mbao mbili, na kabari, na povu, na mlango wenyewe ukiwa umefunguka, zilibaki inchi ishirini na tano. Kiti cha mama ni inchi ishirini na sita.

Mnajua Deno alisema nini? Alikuna kichwa, akaangalia kiti, akaangalia mlango, akaangalia kiti tena. "Madam, kwani viti vyembamba haviko? Hizo unaagiza online, zinakuja kwa siku mbili." Hakufikiria kupunguza fremu. Alitaka tumpunguze mama. Nilimsema, wacheni tu. Nilimsema yeye, nikaisema simu yake, nikaisema suruali yake, nikasema kizazi chote kinachojua kugusa kioo na hakijui kugusa mbao. Dada yangu alinishika mkono na sikunyamaza. Deno akasema fremu itabidi ikatwe, ukuta uchongwe, mlango mwingine utengenezwe, na mpaka wiki ya tatu ana kazi kwingine.

Nikamgeukia mama. Bado nilikuwa na moto. "Na wewe Mama, ulikuwa hapa hapa siku nzima anapigilia. Hukuona kwamba ni pembamba?"

Alikuwa anafuta vidole kwa lile taulo jipya.

"Niliona," akasema. "Niliona kabla hajapiga msumari wa kwanza."

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Nani aliniuliza? Yeye alikuwa anauliza simu. Na kwenye simu ulikuwa wewe."

Deno alitazama chini.

Jioni ile tulivuta mapazia ya sebule, dada yangu akaleta karai, nikachemsha maji. Mama aligeuza uso akaangalia ukuta, akaniambia nimalize haraka. Enzi zetu tulioga kwenye karai wote, watoto kwa zamu, tukicheka na kurushiana maji, maana bafu hatukuwa nalo na hatukujua linakosekana. Sasa bafu lipo. Lina vigae vya samawati na maji moto, hatua tano kutoka pale nilipokuwa nimepiga magoti namsugua mama mgongo, naye amejikunja, mikono kifuani, ananificha mwili wake.